Swali la Mzee Ng'ang'a

Mhenga aliyesema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza hakuwahi kumiliki kituo cha runinga. Lau angekuwa nacho, huenda naye angekodi lori, akafunga vipaza sauti juu yake na kuzunguka mji akipiga mayowe kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Bahati nzuri alikuwa maskini wa umeme, tajiri wa akili. Alichotuachia ni hiki: kitu chema hakihitaji mpiga debe, kwa kuwa wanaokipenda ndio mdomo wake na miguu yake, bali kitu kibaya hutembezwa mlango hadi mlango mpaka visigino vyake vikaota malengelenge. Mjini Eldoret wapo watu waliolijua neno hilo tangu shule ya msingi, wakaliandikia insha na kupigiwa makofi, kisha wakaja kulisoma upya ukubwani kwa machozi. Mmoja wao ni Wacera.

Baba yake Wacera, Mzee Ng'ang'a, alitoka Nyandarua akiwa kijana, akafungua duka la misumari, majembe na mabati mjini Eldoret. Juu ya duka hilo, orofani, ndipo alipoanzisha Runinga ya Utepe. Kabla ya hapo alikuwa akirekodi video za harusi, na watu husema aliziacha kwa sababu maharusi hawakimbii. Wapo waliokimbia, ila si mbele ya kamera. Ng'ang'a aliona kwamba katika nchi hiyo ya wanariadha, mbio kubwa zilikuwa na wenyewe, lakini mbio ndogo za vijijini, zile ambazo mshindi hupewa sufuria au kuku, hazikuwa na wa kuzitazama. Akanunua kamera moja. Moja tu. Akaisimamisha mwisho wa mbio, mbele ya utepe, kwa kuwa, alivyopenda kusema, "Pale mwanzoni kila mtu ni bingwa."

Mtangazaji wake alikuwa Otiende, mwalimu wa Kiswahili aliyehamishiwa Eldoret kutoka Siaya. Riadha yote ya Otiende ilikuwa mbio moja tu, siku alipotimuliwa na fahali shambani mwa shule, na hata hiyo alishika nafasi ya pili. Lakini Mungu alikuwa amempa sauti. Otiende akitangaza, hata mtu aliyeketi alihisi miguu ikimwasha.

Mbio za kwanza walizozionyesha ni Mbio za Mavuno, kule Moiben. Mshindi alifika, wa kumi akafika, wa hamsini akafika. Watazamaji wakatawanyika kwenda kukamua ng'ombe. Mwamuzi akakunja meza yake.

"Mzee, tuzime," Otiende akasema. "Betri inakata roho."

"Wote wamefika?"

"Bado mmoja. Mwanamke mmoja hivi."

"Sasa unataka tuzime nini?"

Wakangoja. Baada ya muda mrefu mwanamke yule akachomoza kwenye kona akichechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Otiende akatangaza jina lake, la baba yake na la kijiji chake, kwa shangwe ile ile aliyompa mshindi. Mama yule alipokata utepe alikuwa analia na kucheka. Ndipo Ng'ang'a, pasipo kujua kwamba kipaza sauti kingali wazi, akauliza tena kutoka nyuma ya kamera, "Wote wamefika?"

"Wote wamefika, Mzee."

"Haya. Zima."

Maneno hayo yakaruka hewani, yakaingia sebuleni mwa watu, yakakataa kutoka. Tangu siku hiyo yakawa muhuri wa Utepe. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na minane, kamera haikuzimwa mpaka mkia wa mbio ufike na Mzee aulize swali lake. Hakuna bango lililowahi kubandikwa. Mtu wa Moiben alimwambia wa Kaptagat, wa Kaptagat akampigia simu shemeji yake wa mjini, na Jumamosi mikahawa ikajaa hata viti vikaazimwa kanisani.

Kisha Mzee Ng'ang'a akafa, msimu wa mvua ndefu. Wacera akaacha kazi yake Nairobi, akarudi kushika kituo. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, mkimbiaji wa mwisho alipofika, Otiende alinyamaza. Alinyamaza kwa muda wa pumzi tatu, urefu ule ule wa swali la marehemu. Kilichosikika ni upepo tu ukigonga kipaza sauti. Kisha akaujibu ule ukimya: "Wote wamefika, Mzee."

Wacera, aliyekuwa studio, alivua visikizi vya masikioni, akatoka, akaketi kwenye ngazi na kulia kama mtoto. Na kwa kuwa ukimya ule ulirudi kila Jumamosi, kila Jumamosi ulimchoma mahali pale pale. Wengine husema aliharibu kituo kwa tamaa. Wanamsingizia. Mtu akikanyagwa kidonda kila wiki, atahama hata kitanda chake.

Hivyo ndivyo alivyompata Kinyanjui, au tuseme Kinyanjui ndiye aliyempata. Huyo alikuwa mtaalamu wa kubadilisha majina na rangi za makampuni, bwana wa viatu vilivyochongoka kiasi kwamba viatu vilifika mkutanoni kabla yake.

"Madam," Kinyanjui alisema, "hii Utepe inanuka sanduku la nguo za nyanya yangu. Vijana wako kwa simu. Wanataka moto, kelele, bingwa, basi! Nani ana saa nzima ya kumngoja mtu wa mia na arobaini akitembea?"

Wacera alitaka kusema, baba yangu. Badala yake akatia sahihi. Baada ya miezi miwili kituo kikawa na jina jipya, Turbo Spoti, rangi ya zambarau na nembo ya radi. Akamwita Otiende ofisini.

"Nyar Ng'ang'a," Otiende akaanza, kwani ndivyo alivyomwita tangu utotoni, binti Ng'ang'a kwa lugha ya kwao, "Turbo si ni ule mji wa njia ya Webuye? Tunahama lini?"

"Mwalimu, Turbo ni kasi."

"Ahaa! Basi na watu wa Turbo waambiwe. Mimi nawajua, hawana habari."

Wacera akapanga karatasi mezani. "Tutaonyesha watatu wa kwanza, halafu tunaingia studio. Bridgit atatangaza. Ni msichana mchangamfu. Wewe umefanya kazi ya kutosha, Mwalimu."

"Na wa mwisho?"

"Hakuna wa mwisho tena."

"Na lile swali?"

Wacera akageukia dirishani. "Hakuna wa kuliuliza. Nimechoka kukusikia ukimjibu mtu ambaye hayupo."

Otiende alichukua kofia yake mezani, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Mimi sijawahi kuchoka kumjibu," akasema, akashuka ngazi.

Basi Turbo Spoti ikaanza kujitembeza. Lori la zambarau lilizunguka Barabara ya Uganda kuanzia asubuhi, likitetemesha vioo vya maduka. Bodaboda zilifungwa vibendera. Fulana za bure ziligawiwa hadi Moiben, na wakulima, watu wasiotupa kitu, wakazivalisha vinyago vya kutishia ndege mashambani. Ndege waliogopa kweli. Hayo ndiyo mafanikio pekee yaliyothibitishwa.

Mbio za kwanza chini ya jina jipya zilikuwa Kaptagat. Siku hiyo, kule Moiben, muuguzi mstaafu aitwaye Mama Hulda alikuwa amealika majirani. Magoti yake hayakumruhusu safari, lakini binti yake Emmaculate alikuwa akikimbia kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili ya kuuguza mguu. Chai ilipikwa, mandazi yakajaa karai. Watu wakaketi wakitazama msitu, vumbi na miguu. Mshindi akafika, wa pili, wa tatu. Kisha radi ya zambarau ikapasuka kwenye kioo, na Bridgit akatokea studio akicheza pamoja na vijana wanne waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Ngojeni," Mama Hulda akasema. "Watarudi."

Hawakurudi. Majirani walikunywa chai, wakaaga mmoja mmoja kwa sauti za msibani. Mama Hulda aliendelea kukaa mbele ya ile runinga hadi taarifa ya habari, mkono wake umeshika kikombe kilichopoa. Emmaculate alikuwa amefika wa sitini na moja. Hakuna aliyemwona ila miti.

Mtaani Kapsoya, Otiende naye alikuwa na wazimu wake. Kila Jumamosi alifungua Turbo Spoti, akazima sauti, akatangaza mwenyewe huku ameshika mwiko. Watatu wa kwanza walipokwisha na vijana wa miwani kuanza kucheza, aliendelea kuwatangaza wakimbiaji asiowaona: huyo anakata kona, huyo anameza kilima, huyo ameanguka, ameinuka, jamani ameinuka!

"Baba nanii," mkewe alimwita kutoka jikoni, "wakifika wote nirudishie mwiko wangu. Ugali unaungua."

"Bado mmoja," Otiende alijibu. Kila Jumamosi ilikuwa bado mmoja.

Wacera hakuelewa kilichotokea. Mikahawa ilianza kuonyesha mieleka. Kinyanjui akashauri lori la pili. Likaja, likapiga kelele mara mbili, na watazamaji wakapungua mara mbili. Kijiji kimoja kikakataa kamera, kisha cha pili, kisha cha tatu. Hatimaye ikaja barua kutoka Moiben: kamati ya Mbio za Mavuno ilishukuru kwa ushirikiano wa miaka mingi, na mwaka huu ingependa kukimbia bila kutazamwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Hulda.

Wacera aliisoma barua akiwa amesimama. Mbio za Mavuno ndizo zilizokizaa kituo. Moiben ikikataa, hakuna kijiji kitakachokubali, na kituo cha mbio kisicho na mbio ni duka la misumari lenye ngazi ndefu. Angelazimika kuufunga mlango ambao baba yake aliufungua. Akamtafuta Kinyanjui kwenye simu. Kinyanjui alikuwa amekwisha kwenda Nakuru kubatiza kiwanda cha mikate.

Kesho yake Wacera akaenda Moiben peke yake. Alijiandaa kugombezwa. Badala yake Mama Hulda alimkalisha kwenye kiti chenye mto na kummiminia chai.

"Nimekuja kuomba, Mama. Mkitunyima Mavuno, nafunga. Nitawalipia mabango, nitawaletea wanamuziki..."

"Kunywa chai kwanza, mwanangu. Sisi wanamuziki tunao, wako kanisani wanatutosha." Mama Hulda akakaa polepole, akiyasikiliza magoti yake. "Unajua kwa nini tulikuwa tunawatazama? Bingwa tunaweza kumwona popote. Bingwa hata wazungu wanamwonyesha. Lakini hapa Moiben hatuna bingwa. Tuna Emmaculate. Ni nani mwingine ulimwenguni angetuonyesha Emmaculate?"

Wacera aliinamisha kichwa.

"Mwaka ule mguu wake ulipovunjika," Mama Hulda akaendelea, "alifika wa mwisho hapa hapa. Baba yako alikuwa mgonjwa tayari, amevaa koti zito. Alisimama juani akimngoja. Akauliza swali lake. Binti yangu alipoamka kule hospitalini, neno la kwanza aliniambia, 'Mama, walinihesabu.'"

Chai ikapoa mikononi mwa Wacera. Kwa muda mrefu alikuwa akidhani lile swali ni mali ya baba yake, kumbukumbu ya nyumba yao, kidonda chao. Hakujua kwamba watu wa vijiji vizima walikuwa wakilisubiri kila Jumamosi wasikie kama wamo.

"Nilikuwa namkumbuka sana," akasema kwa sauti ndogo. "Nikaona nikilizima lile swali, nitapumzika."

"Umepumzika?"

"Hapana, Mama."

"Basi njoo na kamera moja," Mama Hulda akasema. "Ile radi uiache mjini. Tuna mvua yetu."

Jioni hiyo Wacera alibisha hodi Kapsoya. Otiende alifungua akiwa na mwiko mkononi.

"Turbo wamepotea njia?"

"Mwalimu, nimekuja kukuomba unisamehe. Jumamosi tuko Moiben."

"Mimi sauti yangu ni ya nyanya. Yule wa viatu vilivyochongoka aliniambia."

"Aliyekuambia amehamia mkateni."

Otiende alimtazama, uso wake wa utani ukalegea kama tanga lisilo na upepo. "Nyar Ng'ang'a, naja kwa sharti moja. Kamera haizimwi."

"Haizimwi, Mwalimu."

"Mama nanii!" Otiende akaita ndani. "Shika mwiko wako. Nimepata kazi."

Jumamosi ya Mavuno haikutangazwa popote. Hapakuwa na lori wala kibendera. Mama Hulda alimwambia jirani yake, jirani akamwambia muuza maziwa, na ikiwa unawajua wauza maziwa wa Moiben, unajua kwamba hiyo ilitosha. Wacera mwenyewe alishika kamera mbele ya utepe, mahali baba yake alipokuwa akisimama. Bridgit, ambaye kumbe alikuwa binti mwema aliyepewa kazi mbaya, alimshikia Otiende mwavuli, kwa maana mvua ilikuwa imeanza.

Mshindi akafika, akapewa sufuria yake. Emmaculate akafika wa arobaini na nane, na Otiende alipolipaza jina lake, Mama Hulda, aliyeletewa kiti hadi kando ya utepe, aliinuka akasahau kwamba ana magoti. Wakaja wengine, matope hadi viunoni. Kisha barabara ikawa tupu.

"Namba mia mbili na kumi na mbili bado," mwamuzi akasema. "Labda amejitoa. Mvua hii!"

"Mwalimu," Bridgit akanong'ona, "jenereta haina mafuta ya kufika mbali."

Otiende akamgeukia Wacera. Wacera alifuta kioo cha kamera kwa ncha ya kitambaa chake, akarudisha jicho mahali pake. "Bado mmoja," akasema.

Ndipo Otiende akaanza kuongea ili kuijaza barabara ile tupu. Akasimulia juu ya duka la misumari, kamera moja, na mama mwenye kiatu mkononi. Akasimulia jina la zamani na jina jipya, akajitania, akamtania fahali. Mjini, mwenye mkahawa mmoja akabadilisha kutoka mieleka. Wa ng'ambo ya barabara akamwona, akabadilisha pia. Simu zikaanza kulia kutoka nyumba hadi nyumba: fungueni, Mwalimu amerudi, wanamngoja mtu. Hakuna aliyewalipa.

Hatimaye kitu kikasogea kwenye kona. Mwanamume mnene, mfupi, amelowa chepechepe, akikimbia kwa mwendo ambao kuku angeuonea aibu. Otiende akapewa jina kwenye karatasi iliyolowa.

"Mia mbili na kumi na mbili!" sauti yake ikapaa. "Waweru! Mabwana na mabibi, huyu ni Waweru, mpishi wa kambi ya wanariadha kule Kaptagat! Mwaka baada ya mwaka amewapikia mabingwa, na mabingwa wamekimbia na ugali wake tumboni. Leo ametoka jikoni mwenyewe! Njoo, Waweru, njoo, baba, tuko hapa!"

Waweru akakata utepe, akapiga magoti matopeni, akainua mikono yote miwili. Umati, uliokuwa umekataa kutawanyika, ukalipuka.

Kisha Otiende akanyamaza. Pumzi moja. Mvua ikagonga mwavuli. Pumzi ya pili. Tangu mazishi ya Mzee alikuwa ameujibu upepo, na sasa aliungoja kama kawaida yake.

"Wote wamefika?"

Sauti ilitoka nyuma ya kamera. Ilikuwa nyembamba na ilipasuka katikati, lakini ilikuwa na ule mkazo wa Nyandarua, ule ule. Otiende akavua kofia katika mvua.

"Wote wamefika, Mzee."

"Haya," Wacera akasema. Lakini neno lililobaki halikutoka. Kwa hiyo kamera ikaendelea kuangalia barabara tupu, na nyayo za Waweru zikijaa maji moja baada ya nyingine, kana kwamba huenda bado kuna mmoja, aliye mbali sana, ambaye naye angefika. Mikahawani hakuna aliyeinuka. Mpaka jenereta ilipokohoa ndipo binti akasema, taratibu, "Zima."

Wiki iliyofuata vile vijiji vitatu vilituma wajumbe, na vingine vitano ambavyo havikuwahi kuombwa. Jina la Utepe lilirudishwa mlangoni kwa rangi na brashi, bila sherehe, na Otiende akiishikilia ngazi. Yale malori ya zambarau hayakuonekana tena. Vinyago vya Moiben vingali vimevaa fulana zao, vikiwatangazia ndege habari ambazo hata ndege wamekwisha kuzizoea. Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.